Kurasa Ambazo Hazijakatwa

Kila Alhamisi alasiri ofisi ya gazeti la El Yunque ilikuwa vurugu tupu. Gazeti lilitoka Ijumaa, watu wa mrengo wa kushoto wa Montevideo nzima walilingoja, na kurasa mbili bado zilikuwa nyeupe. Mhariri, Don Washington Etcheverry, alizunguka kati ya meza huku sigara imemzimikia mdomoni. Maisha yake yote ameandika dhidi ya Wamarekani, na jina hilo alilopewa na babake alishachoka kulieleza.

Nelida Bacigalupi alikaa dirishani. Asubuhi alifundisha historia sekondari, alasiri alikuwa hapa, na riwaya zake aliziandika katikati, muda ulipomwonea huruma. Gazeti lilikuwa na waandishi wachache na majina mengi. Kwa jina lake mwenyewe Nelida aliandika habari za tamthilia. Kwa jina la pili alijibu barua za wasomaji, na kuna wiki barua zenyewe pia alizitunga yeye. Lakini jina lililowafanya watu waanze kusoma gazeti kutoka ukurasa wa nyuma lilikuwa Prudencio Osta, mhakiki wa vitabu.

Osta alizaliwa kwa hasira. Mwanamke akisema kitabu ni kibovu, watu huuliza nani kamuudhi nyumbani. Mwanamume akisema maneno yale yale, husifiwa kwamba ana msimamo. Basi Nelida akajivika jina la kiume, na nje ya ofisi ile hakuna aliyejua. Vitabu vilimfikia Osta vikiwa vipya, kurasa zake bado zimeungana pembeni, naye alizikata kwa kisu, kisha akamkata na mwandishi. Tuseme ukweli, alifurahia. Miaka ilivyokwenda, alianza kufurahia hata zaidi ya riwaya zake.

Kibuyu kilikuwa kikizunguka muda wote huo. Kinywaji chenyewe, majani makavu yaliyomwagiwa maji moto, huitwa mate, na msomaji anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Mrija ni mmoja kwa watu wote. Unakunywa hadi mrija ukorome, unamrudishia kimya mwenye chupa ya maji moto, naye anamjazia mwingine. Ukisema asante, umeaga. Maana yake umetosheka, na zamu yako itarukwa.

Sasa riwaya ya tatu ya Nelida ikatoka. Ilikuwa habari ya mamake, fundi cherehani, na ilikuwa imemlia miaka kumi.

"Osta atasemaje?" Don Washington akauliza.

"Osta anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Ini."

"Bibie, Osta hajaumwa tangu azaliwe. Ukimnyamazisha leo, kesho watu wa mkahawani watajua yeye ni nani."

"Basi andika wewe kwa jina lake, mzee."

"Mimi? Mimi kitabu chako kimeniliza. Nitakipaka asali, na Osta hapaki mtu asali. Andika, ndugu. Tunafunga gazeti."

Nelida akajaribu kujisifu, akaona haya, akachana. Akajaribu kugombeza juujuu, makosa ya nukta na mkato, akachana hilo nalo. Mwisho akamwachia Osta kalamu, na Osta akasema kweli. Alisema mama huyu hakosei, hadanganyi, hatamani kitu, wala hakai chini hata siku moja. Mwandishi amempenda mno hata akamnyima uhai. Ameturithisha sanamu na cherehani yake. Nelida alipiga chapa maneno hayo huku machozi yanamdondokea vidoleni, kwa sababu hakupata hata neno moja la kubishia.

Ijumaa gazeti likatoka. Jumamosi walimu wenzake walimkwepa macho kama mfiwa. Akaifungia mashine yake ya chapa ndani ya kasha lake, akaisukuma chini ya kitanda, akamwambia Don Washington kwamba riwaya basi, hataandika tena. Safari hii hakuwa anatania.

Jumapili mlango ukagongwa. Alikuwa Olegario Saldombide, mzee aliyeuza vitabu vilivyotumika kwenye soko la Jumapili la mtaa wa Tristán Narvaja. Meza yake alikuwa amemwachia jirani, na mkononi ana keki ndogo za moto ndani ya karatasi.

"Mwalimu, nimekuja kumtukana mtu nyumbani kwako. Niruhusu."

"Mtu gani?"

"Yule mbwa Osta."

Nelida akamkaribisha, akajaza kibuyu, akampa.

"Mimi alinifanyia hivi hivi," Olegario akasema. "Mvua ya Durazno. Ndicho kitabu changu cha kwanza, na ndicho cha mwisho. Mke wangu alisema, achana naye, andika. Nikikaa mezani, nikiandika mstari, namsikia anacheka. Mwisho nikaanza kuuza vya wenzangu. Sasa sikia, Mwalimu. Usije ukafanya kama mimi. Andika, hata kwa kumkomoa tu."

Nelida alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kutukana ni kazi yake, sawa," mzee akaendelea. "Kinachoniuma mpaka leo ni kimoja. Hivi alikisoma chote? Maana alisema yule mzee wa stesheni hana kazi yoyote kwenye hadithi. Mzee yule ndiye baba wa msichana! Inajulikana mwishoni. Mtu aliyefika mwisho angesemaje vile?"

Hapo Nelida angeweza kunyamaza. Keki zilikuwa za moto, mzee anampenda, na Osta hana uso. Akainuka, akaenda kwenye rafu ya juu, akarudi na kitabu chembamba, akakiweka mbele yake.

Olegario akakifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wake mwenyewe, wa miaka ile: Kwa Bwana Prudencio Osta, kwa heshima na matumaini. Akafunua taratibu. Alipofika ukurasa wa arobaini kidole kikakwama. Kuanzia hapo karatasi zilikuwa bado zimeungana, hazijaguswa na kisu.

"Ilikuwa Alhamisi," Nelida akasema. "Ukurasa mweupe, mhariri anapiga kelele, mashine inangoja." Akasikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi, akayaacha.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Na chako ulikisoma chote?"

"Chote."

Olegario akacheka kidogo, kicheko kibaya, na macho yakamjaa machozi. Akavuta mrija hadi ukakoroma, akaendelea kukishika kibuyu mikononi kama anayeota moto. Nelida akachukua kisu cha karatasi, akakata kurasa mbili za kwanza zilizoungana, kisha mbili nyingine. Masikio yake yote yalikuwa kwa mzee. Aliungoja ule mwisho aliostahili, neno moja tu, asante, kisha kofia, kisha mlango.

Olegario akamrudishia kibuyu.

"Maji yamepoa," akasema. "Chemsha mengine, halafu unisomee kwa sauti. Anzia hapo ulipoachia."