Kisima cha Mwosha Maiti

Nilipoanza kazi kwenye yadi ya matangi ya mafuta upande wa Makupa, nilikuwa mfagiaji. Nilishuka kutoka Kaloleni baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikamwacha binti yangu kwa mama, nikapata chumba cha kupanga na kazi ya kufagia ofisi na kupika chai ya saa nne. Sikujua lolote kuhusu mafuta ila harufu yake. Ilishika kwenye leso zangu hata nikizifua mara mbili.

Wenye yadi walitaka kuiuza, na mnunuzi akakataa kuipokea na uchafu wake. Chini ya matangi yale ya zamani dizeli ilikuwa imevuja miaka na miaka, tone kwa tone, bila mtu kujali. Ndipo akaletwa mhandisi, mtu wa bara, mpole, Mkristo kama mimi, akiwa na vibarua na mashine ya kutoboa. Walipochimba futi tatu tu, udongo ulitoka mweusi na unang'aa. Vibarua walifunga vitambaa puani. Mmoja wao alianguka ndani ya shimo siku ya pili, akatolewa akiwa anatapika, na hakurudi tena.

Udongo ule ulitandazwa juu ya maturubai, ukachanganywa na samadi ya mbuzi, ukawa unapinduliwa kwa jembe kila asubuhi kama shamba. Mhandisi alisema samadi huleta vijidudu vinavyokula mafuta. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Udongo ni kazi nyepesi," aliniambia siku moja nikimpa chai. "Udongo unauona. Kazi ni maji."

Akanieleza. Kisiwa hiki kimekaa juu ya matumbawe, na matumbawe yana vitundu kama sifongo. Maji ya chini hupanda na kushuka pamoja na bahari, na mafuta huelea juu yake yakienda nayo. Walitoboa visima vyembamba ndani ya yadi wakawa wanavuta maji na kuengua mafuta, kama mtu anavyoengua tui, wakayatia kwenye mapipa. Lakini mafuta hayakujua kwamba yadi ina ukuta. Nyuma ya ukuta kulikuwa na nyumba za watu, na nyumba zile zilikuwa na visima vya kale.

Vibarua waliotumwa kubisha hodi na kuchukua maji ya visima hivyo walirudi mikono mitupu. Mchana wanaume wako kazini, na hakuna mwanamke wa heshima ambaye angemfungulia ua wake mwanamume asiyemjua. Mhandisi akaniita.

"Wewe ni mwanamke. Watakufungulia."

"Nikiulizwa nataka nini?"

"Sema tunapima kina cha maji." Alikuwa akiangalia karatasi zake. "Tukisema mengine kabla majibu hayajatoka, tutazua taharuki bure."

Basi nikafundishwa kuteremsha bomba jembamba la plastiki lenye gololi chini, linaloingiza maji na kuyafunga yasitoke, nikafundishwa kujaza chupa za kioo cheusi na kuandika saa na hali ya bahari: bamvua, bahari inapojaa sana, au maji mafu, inapojaa kidogo.

Kisima cha nne kilikuwa cha mama mmoja mjane, aliyezaliwa Kibokoni akaolewa huku. Mtaa mzima ulimjua kwa kazi yake: aliosha maiti za wanawake. Kazi hiyo hakuitafuta. Mama yake mkwe alimrithisha, na hakuna aliyempa chochote ila dua. "Mwosha huoshwa, mwanangu," aliniambia mara ya kwanza, kama kujitambulisha, akanikaribisha ndani kwa salamu ndefu: habari za nyumbani, za mama, za mtoto, za kazi, mpaka nikaona haya kwa chupa zangu.

"Huko tini mwapima nini?" aliuliza. Alisema tini kwa ulimi wake wa Kimvita.

"Kina cha maji, mama."

"Maji yako tele. Ni ya chumvi kidogo, basi. Mifereji ya majumbani ikikauka, mtaa wote huja hapa."

Nilipovuta bomba, harufu ilinipiga usoni. Nilimtazama. Alikuwa amesimama karibu yangu, uso mtulivu, hakusikia kitu. Baadaye nilijua kwamba pua yake ilikuwa imekufa zamani, kwa kafuri na ubani wa miaka arubaini. Majirani walisikia harufu, lakini wao walitumia maji yale kudeki na kufulia, wakadhani ni uchafu wa mtaro. Na nani angemwambia mama mtu mzima kwamba kisima chake kinanuka?

Majibu ya maabara yalirudi kutoka Nairobi kabla ya Ramadhani. Mhandisi aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Cha yule mama ndicho kibaya zaidi," alisema.

"Tumwambie?"

"Nimewaandikia wakubwa. Wao ndio watakaosema."

Wakubwa hawakusema. Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Kila wiki mbili nilikwenda na chupa zangu, na kila mara mama yule alinipa kitu: visheti, embe, kipande cha mkate wa mofa. Nilivila. Nilikuwa nikijiambia kwamba mimi ni mfagiaji, na maneno kama haya yana wenyewe.

Asubuhi moja nilikuta mlango wake wazi na wanawake wanaingia na kutoka wakiwa na ndoo. Jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke wa umri wangu, alikuwa amefariki akijifungua. Mifereji ilikuwa mikavu tangu Ijumaa. Mama alitoka chumbani amefunga leso kiunoni, majani ya mkunazi mkononi, tayari kwenda kuosha.

"Wewe ndiye Mola alokuleta," alisema. "Mikono yangu haina nguvu za kamba. Nitekee maji, mwanangu."

Niliweka chini kasha langu la chupa, nikashika kamba iliyopitishwa kwenye gurudumu la kisima.

Zilikuwa siku za bamvua. Ndoo ya kwanza ilipanda na rangi za upinde wa mvua juu yake, zikizunguka polepole. Niliimwaga. Nikateremsha ndoo ya pili chini kabisa nikiitikisa ili izame, nikaivuta, na rangi zikaja nayo. Niliengua kwa kiganja. Nikaifuta mikono kwenye leso, nikaengua tena.

"Fanya upesi, dada," mwanamke aliyekuwa akipokea ndoo aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Jeneza limeshafika."

Ningesema wakati ule. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikusema. Kutoka nyumba ya tatu nilisikia mtoto mchanga akilia, kwa sababu mtoto alikuwa amepona, na nikasikia sauti za wazee wakimsaka mnyonyeshaji. Nani angesimama katikati ya msiba ule na kusema maji haya si maji? Niliteka ndoo kumi na moja. Zote zilikwenda.

Siku ya tatu, baada ya khitma ya marehemu, nilirudi bila chupa. Mama alikuwa barazani kwa ndani akichambua mchele.

"Mama, maji ya kisima chako yana mafuta. Yametoka kwetu, kwenye yadi."

Mkono wake uliendelea kuchambua kidogo, kisha ukasimama.

"Tangu lini?"

"Labda miaka mingi. Hakuna ajuaye."

"Wewe wajua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Alinitazama. "Na juzi uliyateka."

"Niliyateka."

"Uliyaona kwa mato yako?"

"Niliyaona, mama."

Nilitarajia aulize kuhusu mwili wake, maana alitia udhu kwa maji yale mara tano kwa siku. Hakuuliza. Aliweka ungo chini akaanza kuwataja, si kwa majina, kwa jamaa zao: mke wa fundi cherehani, mama yake muadhini, yule msichana wa homa ya manjano, mabinti wawili wa nyumba ya pembeni. Wote aliowaosha mifereji ilipokuwa mikavu. Alihesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akaanza upya.

"Nimewapeleka kwa Mola wao na mafuta," alisema.

Imamu alimwambia kwamba asiyejua hana dhambi, na kwamba maiti wale wako kwa Mwenye kurehemu. Alilipokea neno hilo kwa adabu. Lakini hakuosha tena. Mtaa ukawa unamtafuta mwosha kutoka mbali.

Nilipomwambia mhandisi kwamba nimemweleza mama yule, hakunigombeza. "Ningesema mimi," alisema, na sijui kama ni kweli. Baada ya mwezi niliambiwa ofisi haihitaji mfagiaji. Kisima kilifunikwa kwa zege, na lori la maji likaja mtaani kwa miezi michache, kisha likaacha. Mashine za kuvuta maji ziling'olewa, yadi ikasemwa imesafishwa, ikauzwa. Mhandisi alirudi bara. Alikuwa amewahi kuniambia kwamba maji ya chini yangehitaji miaka.

Nilipata kazi ya kukunja leso kwenye duka moja la Biashara Street. Nilikwenda kwa mama yule kumwomba radhi, nikiwa nimepiga magoti.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Wale siwezi kuwasemea."

Aliendelea kuitikia salamu zangu zote, kwa ukamilifu, ila hakunikaribisha ndani tena. Mwishowe ndugu zake walimchukua akakae nao Kibokoni, na nyumba ikapangishwa. Nikasikia wapangaji wapya wamevunja zege. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Mwanamke aliyenifungulia alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo iko mkononi, kisha akaniuliza maji mengine yako wapi. Nikaitazama ndoo yake. Alinishukuru, akafunga mlango, na nikasikia gurudumu la kisima likianza kuzunguka.