Sandwichi Niliyoikataa kwa Adabu

Chekeni tu, lakini kuna watu Moseley, mtaa mmoja huku kwa Waingereza, wananijua kwa jambo moja: ndiye yule aliyekula biskuti za mbwa.

Nilijiunga na kikundi cha matembezi kwa sababu ya upweke, sifichi. Mwaka wa pili huu niko Ladywood, mtaa mwingine wa mji huo huo, ghorofani, jirani yangu namjua kwa kikohozi tu, na siku nyingine sauti yangu naisikia kwa mara ya kwanza nikimwambia dereva wa basi ahsante. Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne, miti ndiyo kwanza inachipua, tukatoka Moseley na kibasi mpaka mashambani, tutembee kutwa nzima, nami sikubeba chakula (kwetu ukialikwa ukaja na kikapu chako, si umemtukana mwenyeji?). Mchana kila mtu akafungua kimfuko chake. Janet, mama wa makamo aliyekuwa kiongozi wetu, mbwa wake miguuni, akaninyooshea sandwichi.

"Utakula?"

"Hapana, ahsante, nimeshiba," nikasema, kama nilivyolelewa, nikingoja anibembeleze, aseme lazima nionje, aseme atakasirika, nami nikubali kwa shingo upande. Janet akasema "Haya," akaila mwenyewe. Yote!

Ikabaki vilima na matope na wanakondoo wananyonya mama zao (hata wao!), na tumbo langu linanguruma mpaka naona haya kutembea karibu na mtu, kwa hiyo nikabaki nyuma peke yangu, mimi niliyekuja kutafuta watu. Kwenye uzio mmoja Janet akanipa mkoba wake nimshikie amvushe mzee mmoja, mkoba uko wazi, ndani biskuti. Zina umbo la mfupa. Nikasema moyoni, Waingereza kwa mapambo! Nikatia mbili mdomoni, kavu kama mbao, ndipo yule mbwa wa Janet akaja akakaa mbele yangu, akabweka, akabweka, mpaka kikundi kizima kikageuka, na mashavu yangu yamejaa.

"Mungu wangu," Janet akasema, "hizo ni za Toby!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi, nami nikatamani ardhi ipasuke, halafu sijui ilikuwaje nikacheka pia, na tangu hapo nilitembea katikati yao, huyu ananiuliza jina, yule ananiuliza kwetu wapi. Nilikuwa na furaha, nawaambia kweli.

Jioni tuliporudi Moseley wakawa wanaingia mgahawani. Janet akashika mlango.

"Tunakunywa chai na keki. Unakuja?"

"Hapana, ahsante, nina haraka," mdomo ukasema wenyewe. (Haraka ya kwenda wapi?) Nikasimama pale nikingoja aniite tena. Akanipungia mkono, kwa upendo kabisa, mlango ukafungwa, nikawaona kupitia kioo wanavuta viti, na hapakubaki hata kimoja.

Nimeapa, wallahi, mtu yeyote akiniita katika mji huu nitaitikia kabla hajamaliza kusema. Sasa nangoja kuitwa.