Boriti Iliyompiga Kaka

Mzinga wa Wadachi ulipobomoa nyumba ya jirani, boriti ilimpiga kaka yangu kwenye paji la uso. Hakufa. Jeraha likafunga, likaacha shimo la kulaza kidole gumba, na ndani yake kitu kinapigapiga.

Kaka alikuwa fundi wa kuchonga milango, mpole mpaka watu wanamcheka; hata kuku wa Idi alichinjiwa na majirani. Sasa akamrushia mkewe patasi kwa sababu mchuzi umepoa. Ikamkosa, ikajikita ukutani. Wiki hiyohiyo akamvunja mkono.

Mama akasema ni pepo, akaita mganga. Asubuhi wakamfunga kaka kamba uani, wakamfukiza ubani, mganga akaanza kumchapa bakora.

"Jitaje! Wewe nani?"

"Mume wa huyo hapo, mbwa wee!"

"Pepo mjanja huyu," mganga akasema, akainua bakora juu ya kichwa.

Nikaidaka, nikaitupa chini. Nimesoma kwa mapadri, na padri anayetibu majeruhi alinieleza: sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomzuia mtu asifanye kila linalomjia.

"Msimpige kichwani!" nikapiga kelele. "Hana pepo, ubongo wake umepondeka!"

"Hayo ndiyo uliyoyafuata kwa makafiri?" mama akafoka.

Mganga akainama kuokota bakora yake. Kaka akamrukia na kamba zake, akamng'ata sikio. Hakuachia mpaka kipande kikatoka. Damu ikamwagikia makaa ya chetezo, ikachemka. Mganga akakimbia anatukana ukoo wetu mzima.

Nikaona nimeshinda. Nikamgeukia shemeji, mkono wake umefungwa vibanzi, nikamwambia asidai talaka: anayempiga si kaka, ni lile jeraha.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, pepo hupungwa akatoka. Huo ubongo uliopondeka utapona lini?"

Nilikuwa nimeshamuuliza padri. Alitikisa kichwa tu. Na mimi nikatikisa kichwa.

"Afadhali angekuwa na pepo," akasema. Akajifunga ushungi kwa mkono mmoja, akaenda kusimama mbele ya mumewe, mbali kidogo. "Bwana, nakwenda kwa baba." Machozi yakamshuka.

Kaka akamtazama, kinywa chekundu.

"Nani kamliza mke wangu?" akanguruma, akizivuta kamba mpaka ngozi ikachubuka. "Nifungueni! Nifungueni nimuue!"

Hakuna aliyemfungua. Shemeji akatoka.