Siku Nilipolinda Daraja

Nisingesema leo, ila Otieno ameshaanza kuniita "Daraja" mbele yenu na nyote mmeanza kuuliza, sasa bora mnisikie mwenyewe kuliko yeye, maana yeye akisimulia hutia chumvi, na aibu hii chumvi haina haja nayo.

Wakati ule nilikuwa mlinzi wa geti kule Al Wukair, nje ya Doha, kwenye nyumba za wageni, juani, na burudani yangu ilikuwa Wamarekani wa mle ndani, ambao kila Ijumaa hucheza besiboli kwenye kiwanja cha mchanga, nikawatazama mpaka nikaupenda mchezo wenyewe (msicheke, kaeni nyinyi getini muone kama hamtapenda hata mbio za konokono). Kuna mmoja husimamishwa nyuma kabisa, kazi hana, anajikuna, anatazama ndege, na mpira humjia labda mara moja kutwa. Akiudaka hakuna anayekumbuka, ukimponyoka hausahauliki. Nikasema huyu mlinzi mwenzangu. Na mbio za baiskeli ndiyo kabisa, unasubiri asubuhi nzima, wanapita fyuu, ukipiga chafya umewakosa, na bado unarudi nyumbani umefurahi.

Basi yakaja mashindano ya baiskeli, kampuni yetu ikapewa ulinzi kwenye hoteli moja ya West Bay walikofikia waendeshaji. Msimamizi akanichagua mimi kwa kuwa nilikuwa nimejinadi najua Kiarabu, akaniahidi mambo yakienda vizuri nabaki pale pale, ndani, kwenye kiyoyozi. Jua la Wukair mnalijua. Nafasi ile niliitaka kuliko likizo.

Tulipofika, bwana mmoja wa mashindano alianza kunisemesha Kiarabu chao cha mtaani, nami, kwa kujidai tu, nikamwomba aniambie kwa fasaha, kile cha vitabuni. Akanitazama, akatabasamu, akanyoosha mkono kuelekea uani, ambako baiskeli zilikuwa zimeegeshwa ukutani, na nyuma ya ukuta, barabarani, kulikuwa na daraja la chuma lililowekwa watu wavukie. Akasema zile darrajat nisiziache, na mtu asizikaribie. Nikasema hadhir, yaani nimetii, nikawachukua wenzangu watatu, tukapanda darajani.

Otieno, dereva wetu, Mkenya wa Kisumu, alituona tukiondoka akauliza, "Buda, na hizi baiskeli mnaachia nani?" Nikamjibu kwamba mimi Kiarabu nimekisoma chuoni Unguja tangu sijang'oa meno ya utoto, yeye ashughulike na usukani wake.

Kule juu nilifanya kazi, nisijisifu. Kila aliyetaka kuvuka nikamwambia mamnuu, arudi. Akaja bwana wa makamo na familia yake, akaniuliza kwa upole kwa nini hairuhusiwi, nikamwambia ni amri na asinipotezee muda (baadaye ndiyo naambiwa yule ni mwenye hoteli). Huku nyuma wabeba mizigo wa hoteli wakaziona baiskeli hazina mtu, wakaziingiza stoo kwa wema wao, wakafunga, na mwenye ufunguo akaenda kuswali. Wakati wa kuanza ukafika, waendeshaji wamejaa ukumbini na vile viatu vyao vinavyogonga marumaru ka-ka-ka, baiskeli hakuna.

Redio ikalia. Yule bwana akauliza darrajat ziko salama?

"Salama kabisa," nikasema. "Tumesimama juu yake."

"Nani amesimama juu yake?"

"Mimi na wenzangu watatu. Tumeruka-ruka kidogo kujaribu, hata hazitikisiki."

Kisha akazungumza Kiarabu cha mtaani, taratibu, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. "Seikal, ya akhi. Seikal."

Neno hilo nalijua, hata Otieno analijua, kila anayeishi Doha anajua seikal ni baiskeli. Ila kwa fasaha, kumbe, baiskeli ni darraja. Na daraja letu sisi, la kuvukia, wao huliita jisr. Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikaambiwa nibaki huko huko juu, mbio zilipoanza kwa kuchelewa zikapita chini ya miguu yangu, daraja tupu, sijazibwa na mtu, niliona vizuri kuliko yeyote Doha nzima, na sikufurahi hata chembe.

Nafasi ya hotelini alipewa Mnepali asiyejua Kiarabu hata salamu. Mimi nikarudi Wukair, na Ijumaa ile ile wakati wa besiboli yule wa nyuma mpira ukamponyoka, wenzake wakamzomea, nikajikuta namwambia "pole" kwa sauti mpaka akageuka.

Tangu hapo neno la Kiarabu nisilolijua halinitishi, mtu huuliza akaelezwa. Ninaloliogopa ni lile ninalolijua. Nikilisikia tu nasimama hapo hapo, namuuliza mwenyewe bila haya: samahani bwana, hii ya kupanda au ya kuvukia?