Pembe Iliyokohoa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua ya mawe ilipopiga ngoma kanisani bila mkono wa mtu. Usicheke, Chebet. Najua ukisikia habari ya namna hiyo unasema baba ameanza kuzeeka vibaya. Weka hizo nyaya zako chini kidogo, ukae. Juzi uliniomba ile pembe inayoning'inia ghalani, uirekodi uitie kwenye ngoma zako za kompyuta, nami nikajifanya sikusikia. Nilisikia sana. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, na hata sasa ninapokujibu bado naogopa.

Unadhani ninyi ndio wa kwanza kufunga vihisi kwenye ngoma. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio mjini Kericho, kijana wa miaka ishirini na minne, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Kwaya yetu hapa karibu na Sosiot ilikuwa imeachiwa kompyuta kuukuu na mgeni mmoja wa kanisa aliyerudi kwao, pamoja na kisanduku cha kuunganishia ngoma na programu ya kuhifadhi sauti. Hakuna aliyejua kuitumia. Nilikaa na kitabu cha maelezo wiki tatu. Vihisi vyenyewe nilivitengeneza mimi. Nilifungua saa za mezani zilizokufa, nikatoa vile visahani vidogo vya shaba vinavyotoa mlio, nikavilehemu waya, nikavibandika kwenye ngozi za ngoma. Ukipiga ngoma, kisahani kinatetemeka, kisanduku kinapata habari, na kompyuta inatoa sauti yoyote uliyoihifadhi. Unapiga ngoma, inalia kengele. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya bonde kutazama tu.

Kwaya ilikuwa inaandaa wimbo wa kuta za Yeriko kwa ajili ya kaseti yetu ya kwanza. Nikasema kuta haziwezi kuanguka bila baragumu. Hapo ndipo nilipoikumbuka pembe ya babu yako.

Wewe umeiona tu, hujaisikia. Ni pembe ya tandala, na ina ufa karibu na pale pa kuwekea mdomo. Kwa sababu ya ufa huo haianzi kulia moja kwa moja. Inakohoa kwanza, mara moja, kikohozi kikavu cha mzee, halafu ndipo inatoa sauti yake ndefu. Ningeweza kuitambua kati ya pembe mia. Zamani baba aliipuliza kwenye sherehe, au ng'ombe wa mtu walipopotea. Kisha ikaja ile miaka ya ghasia, mwanzoni mwa tisini, majirani wa makabila tofauti walipogeukiana. Wiki moja katika wiki zile baba alisema anaenda kumsaidia shemeji yake huko juu, kupita Chepseon, kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa wanaumwa. Aliondoka na pembe. Akarudi siku ya sita, akaitundika ghalani, na tangu siku hiyo hakuigusa tena. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujiuliza pembe inatibu ng'ombe namna gani. Sikujiuliza.

Sasa nikuambie Nyaboke alivyokuwa, maana wewe unamjua kama yule mama anayeketi karibu na mlango wa kanisa. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini hivi, na sauti yake ndiyo iliyoongoza kwaya. Yeye na mumewe walikuwa wametoka Kisii wakahamia huko huko juu, kupita Chepseon, wakawa na shamba lao, mpaka alfajiri moja walipofukuzwa na nyumba yao ikachomwa. Mumewe akapata kazi ya kuchuma chai, wakapanga chumba ng'ambo ya mto wetu. Hakuwahi kutusimulia yaliyompata. Sisi nasi hatukumwuliza, kwa sababu tungeuliza ingebidi tusikie.

Nilichukua pembe baba akiwa amepeleka maziwa. Nikaificha kwenye gunia hadi karakana yangu mjini, nikaipuliza mbele ya kinasa sauti, nikairudisha kabla hajajua. Jumamosi ile niliwahi kanisani kabla ya mazoezi, nikaitia sauti ya pembe kwenye ngoma kubwa. Spika mbili nikaziweka mlangoni zikitazama nje, ili kituo kizima cha maduka kijue kwamba fundi yupo.

Sasa sikiliza hapa, maana hili ni la kazi yako pia. Kuna mahali, tunapaita kizingiti, unapoiambia mashine ipuuze mitetemo midogo. Ni kama kumfundisha mbwa wa langoni asibweke kila jani likianguka. Mimi nilikifungua kizingiti hicho kabisa. Nilitaka ngoma iitike hata nikiigusa kwa kidole, watu washangae. Mwalimu Langat, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, aligonga meza tu na pembe ikalia.

"Punguza hiyo kitu, Kipngeno," akaniambia. "Hiyo ngoma inaogopa kila kitu."

"Mwalimu, hii ni teknolojia," nikamjibu. Ndiyo, baba yako alimjibu mwalimu hivyo. Naona aibu mpaka leo.

Unaijua hali ya hewa yetu. Saa nane jua linawaka, saa tisa mawe yanashuka. Siku ile yalishuka kwa nguvu ambayo sijaisahau, juu ya mabati yasiyo na dari. Kanisa lote likatetemeka, ngoma ikatetemeka, na pembe ikaanza kulia yenyewe. Ilikohoa ikalia, ikakohoa ikalia, sauti juu ya sauti, mpaka ungedhani kilima kizima kimejaa watu wanaopuliza. Waimbaji walishtuka, kisha wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao. Ningeweza kuchomoa waya mmoja tu. Badala yake nilisimama pale nikiifurahia kazi yangu.

Mwalimu Langat ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa mlangoni. Nyaboke alikuwa anakuja mazoezini kwa ile njia ya chini, mtoto wake Kemunto mgongoni, na alikuwa amebakiza hatua chache akimbilie ndani kujikinga. Aliposikia pembe alisimama. Akageuka, akaangusha kikapu, akakimbia na kuingia ndani ya shamba la chai huku mawe yakimpiga.

"Zima!" Mwalimu akapiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Nilichomoa waya upesi, kwa sababu kupitia mlangoni nilikuwa nimeona uso wa Nyaboke kabla hajageuka. Tukatoka wote kumtafuta. Mawe yalikuwa bado yanashuka, majani ya chai yamechanika, ardhi nyeupe, na chini kabisa tunausikia mto ukijaa. Tulikuwa tunaita, "Nyaboke! Nyaboke!" Wanaume saba, tumetawanyika katikati ya chai, tunaita jina lake. Nilikuwa nimeita labda mara ishirini nilipotambua jinsi sisi wenyewe tulivyosikika kwake, kama watu wanaomsaka. Nikaacha kuita. Nadhani Mwalimu naye alitambua, maana alitunyamazisha, akawaambia akina mama waje mbele waimbe ule ubeti ambao Nyaboke huongoza.

Waliimba meno yakigongana kwa baridi. Nami nilikuwa nikipita polepole kati ya mistari ya chai nilipokaribia kumkanyaga. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya matawi, amemfunika mtoto kwa mwili wake, na kiganja chake kimeuziba mdomo wa Kemunto na pua. Mtoto hakuwa anasogea. Macho yake yalikuwa wazi.

"Dada, ni mimi," nikasema. "Ni Kipngeno."

Nyaboke alinitazama, akakaza mkono zaidi. Mwanangu, nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijaogopa tena kama nilivyoogopa dakika ile, kwa sababu nilielewa kwamba mtoto anakufa kwa sababu mama yake anamficha nisimsikie mimi. Nikarudi nyuma. Nikakaa chini kwenye barafu, nikainua mikono yangu mitupu aione. Akina mama wakafika wakiimba, wakamshika bega, na ndipo kiganja kilipolegea. Kemunto akavuta pumzi ndefu, akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Walimkalisha jikoni kwa kanisa, wakamfunika blanketi, wakampa chai. Akaniita.

"Kipngeno, hiyo pembe umetoa wapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kuwa mtu. Nikasema, "Ilikuja na kompyuta, dada. Ni sauti tu za Wazungu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Asante Yesu," akasema, akafunga macho. "Ile ya siku ile pia ilikuwa inakohoa kwanza."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeloa mpaka mifupa. Ng'ombe walikuwa wanalia, hawajakamuliwa. Nikamkuta baba ndani ya zizi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejificha nyuma ya ng'ombe wake mwenyewe. Sauti ya spika zangu ilikuwa imefika mpaka hapa. Babu yako alikuwa mtu aliyefukuza chui kwa fimbo, na siku hiyo hakuweza hata kushika chuchu ya ng'ombe.

"Nani alikutuma uiguse?" akaniuliza.

Nikamwuliza na mimi, "Baba, kule kwa shemeji ulienda kufanya nini?"

Kisha akasema, "Mimi nilipuliza tu. Nilikaa kilimani nikapuliza. Sikushika kiberiti. Sikuingia boma la mtu."

Nilitaka kumchukia, mwanangu, lakini nilishindwa. Maneno yale niliyajua. Njia nzima kutoka kanisani nilikuwa nikijiambia kwamba mimi nilifunga waya tu.

Kaseti ile haikurekodiwa. Nyaboke alirudi kwaya baada ya wiki chache, ila akawa anaketi karibu na mlango, na kila mvua ikianza anatoka nje, hata iwe kubwa kiasi gani. Kila nikimwona akitoka niliukumbuka uongo wangu. Ilinichukua miezi saba. Nilimkuta nje ya chumba chake akichambua mboga, nikasema bila kukaa, "Dada, ile pembe haikuja na kompyuta. Ni ya baba yangu."

Hakuacha kuchambua. "Nilijua," akasema. "Kompyuta ya Wazungu itakohoa aje kama mzee? Nilikuwa nangoja tu nione utakaa miezi mingapi." Kisha akaniangalia. "Mwambie mzee akuje mwenyewe. Sitamfanya kitu. Nataka tu akuje aseme."

Nilimwambia baba jioni hiyo hiyo. Akasema, kesho. Kesho yake alivaa koti lake la kanisani, akafika getini, akarudi. Mara moja alifika mtoni. Nilijitolea kwenda naye, akakataa. Nilijitolea kumsemea, akakataa zaidi. Kutoka hapa hadi kwa Nyaboke ni mwendo wa dakika ishirini, wewe unaukimbia ukienda sokoni. Baba aliishi miaka kumi na moja mingine na hakuumaliza. Siku ya mazishi yake Nyaboke alikuja, akaketi karibu na geti. Wimbo ulipoanza, yeye aliyekuwa akiongoza kila mazishi ya kijiji hiki hakufungua mdomo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kizingiti cha mashine yako kiweke sawa, hilo ni la ufundi na utalijua kuliko mimi. Lakini kabla hujaipaza sauti yoyote, uliza imetoka wapi na ni nani aliyewahi kuisikia akiwa katika hali gani. Ukiwa umemtisha mtu, usijitetee kwa udogo wa sehemu yako. Usiseme ulipuliza tu, au ulifunga waya tu. Na ukidanganya kwa woga, basi rudi mapema, kwa sababu kila siku inayopita njia inaongezeka urefu ingawa nyumba ya mtu iko pale pale.

Pembe sitakupa, na sitakunyima. Si yangu kutoa. Nyaboke yuko, na yule Kemunto ana watoto wake sasa. Nenda kwa Nyaboke kesho, mchana, bila kinasa sauti. Mwambie wewe ni mjukuu wa nani, na umetoka nyumba gani. Akisema pembe isilie tena, itabaki ghalani mpaka mchwa waimalize. Akisema jambo lingine, utafanya atakalosema. Mimi nitatembea nawe hadi mtoni, kwa kuwa naijua hofu inayomshika mtu pale, halafu utavuka mwenyewe.

Mungu akulinde, binti yangu. Akupe masikio kabla ya mikono. Na siku utakapopiga ngoma zako bonde zima likasikia, watoto wa jirani wakimbie kuja kwako, asiwepo hata mmoja wa kukukimbia.