Bomba la Shaba na Harusi ya Binti Yetu

Lutuku, pombe yetu kali ya kutonesha, inataka bomba la shaba. Wengine walitumia la chuma, kinywaji kikatoka na harufu ya mlango wa zamani, basi tuwaache. Wakati ule wa Zaïre mimi niliipika nyuma ya nyumba yetu, hapa Kolwezi. Ilikatazwa, ndiyo, lakini hao wenye kukataza nao walikunywa.

Binti yetu wa kwanza alikuwa anaolewa. Wakwe walikuwa wanakuja na treni kutoka Dilolo, bomba langu likatoboka. Wangekosa kinywaji, wangerudi wakitutangaza kila stesheni.

Mume wangu akapata bomba jipya, limenyooka kama mwanzi. Lilitakiwa kuzungushwa lipite ndani ya pipa la maji baridi, mvuke ugeuke matone. Yeye alikuwa mfua majembe, mtu wa Kasaji, na watu wa Kasaji kwa ubishi, he! Alilijaza mchanga mkavu lisibonyee, akalikunja. Likatii. Akaona amekosea, akalinyoosha, akalikunja tena. Sasa likakaza shingo. Shaba ukiisumbua sana inakuwa ngumu. Akachukua nyundo.

"Tata, utaipasula!" nikamwambia mume wangu.

"Nani njo fundi hapa?"

"Fundi ya majembe."

Akaitupa nyundo. Akaliweka motoni mpaka likawa jekundu, akalilaza karibu na mkeka wangu wa kuanikia mahindi. Mkeka ukaanza kutoa moshi. Nikanyakua ndoo, nikamwagia mkeka na bomba pamoja. Pssss!

Mume wangu akashika kichwa. "Weye mwanamuke, umeiuwa! Sasa itakuwa nguvu sawa jembe! Bakwe batakunywa nini, maji ya Lualaba?"

Nami nikaogopa, maana jembe likitoka motoni na kuingia majini linakuwa gumu kweli, nilikwisha kuona. Nikalishika bomba kwa kitambaa, nikalivuta kwa hasira tu. Likafuata mkono wangu laini, kama mkanda wa suruali.

Kumbe shaba si jembe: moto unailegeza, na maji hayaikazi.

Tukaendelea kulikunja. Lilipoanza kukaza tena, akalirudisha motoni mwenyewe, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mama, leta maji."

Wakwe walifika. Baba wa bwana harusi akanywa glasi ya kwanza, akaitua mezani. Kisha akafungua kifungo cha juu cha abakosti yake, lile koti la heshima la wakati ule.

"Treni ya kesho ipite tu," akasema. "Siye tutapanda ile ingine."