Kilio cha Ulimwengu Kule Katuba

Mwelwa, jirani yetu hapa Katuba, alipakia mizigo ya watu kwenye uwanja wa ndege wa Luano mpaka alipostaafu. Nadhani huko ndiko akili yake ilikoharibikia. Mtu anayetazama vitu vikiondoka maisha yake yote, mwishowe atasema kila kitu kinaondoka.

Nadharia yake ilieleza yote, kuanzia nyota mpaka mama mkwe. Hapo mwanzo, alisema, vitu vyote vilikaa kwenye mkeka mmoja kama ndugu. Vikagombana, hakuna kilichoomba msamaha, na tangu hapo kila nyota inamkimbia mwenzake. Kuna pia kitu kizito kisichoonekana, ambacho huwavuta wengine: hao ni wakwe. Haya yote aliyachora kwa rangi ya mafuta juu ya meza ya kulia, akakataza sahani zisiguse mbingu. Edith, mke wake, akala bukari, ugali wetu, kwa kusimama muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningevumilia, kisha akaenda zake kwa dada yake kule Mokambo.

Mwelwa hakumfuata. Alipiga mahesabu juu ya meza, akagundua kwamba ulimwengu ulishakufa zamani, ila habari hazijawafikia wote. Basi akafunga turubai uani, akaazima viti kanisani na kutangaza kilio.

Tulikwenda. Huwezi kubaki nyumbani wakati jirani amefiwa, hata kama marehemu ndiye aliyekuzunguka pande zote. Wanawake walilia kidogo kwa adabu. Wanaume waliuliza kaburi litachimbwa wapi. Mchungaji Paulin aliiombea familia ya marehemu, akajikuta anamwombea kila mtu, pamoja na mbuzi.

Shida ilikuja siku ya kuondoa matanga. Kwa Wabemba kilio hakiishi bila banungwe, yaani watani wa ukoo. Hao ndio wanaoiga mwendo wa marehemu, wanacheka, wananyang'anya vyombo, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Sasa mtani wa ulimwengu ni nani? Wazee walibishana mpaka chai ikaisha. Mwelwa, bila kututazama, akasema kwamba mfiwa ni yeye, kwa hiyo watani ni wale wa ukoo wake, yaani watu wa Edith. Aitwe.

Hapo nikaelewa, na hasira nilizokuwa nazo kwa ajili ya Edith zikapungua. Mzee mzima ameua mbingu na nchi kwa sababu anaona haya kusema rudi nyumbani.

Edith alifika. Alimpita mume wake bila salamu, akaingia ndani, akatoka amevaa koti la Mwelwa la kazi ya Luano, ameshindilia mito tumboni. Yeye ndiye marehemu. Akaanza kupanuka: akakalia viti viwili, akawasukuma wazee, akajitanua mpaka ukutani.

"Miye njo univers," akasema. "Niko nakimbia bantu bote, juu bwana yangu anakatalaka kuomba pardon."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mwelwa alitazama viatu vyake.

Kisha Edith akadai haki yake ya mtani: meza. Ikatolewa nje. Akatua sufuria ya bukari, ya moto kutoka jikoni, palepale ulipochorwa ule mkeka wa mwanzo. Rangi ikaanza kunuka. Mwelwa akanyanyua mkono, akakumbuka kwamba mfiwa hakasiriki, akaushusha.

Akakaa upande wake wa meza. Edith akakaa upande mwingine, mbali kabisa. Hakuna aliyegusa chakula. Mimi, sitaki kudanganya, nilisogeza kiti mbele kana kwamba ni ndoa yangu.

"Mama," Mwelwa akasema, "miye njo nilikosa."

Edith akanyanyuka, akavuta kiti chake, akazunguka meza na kukaa karibu naye, bega kwa bega.

Mwelwa alikitazama kile kiti kilichomkaribia.

"Ile haiko mu théorie," akasema.

"Kula, papa," Edith akamwambia. "Bukari inapola."